Forester ya 2005, mkanda wa taimingi hauna risiti: ninunue?

"Shikamoo fundi. Naishi Mbeya. Nimepata Subaru Forester ya 2005 iliyoko Dar es Salaam, otomatiki, haina tabo, dashibodi inasoma kilomita 138,000, na bei yake iko chini kidogo kuliko nyingine nilizoziona. Mwenye gari anasema mkanda wa taimingi ulibadilishwa mwaka juzi, ila risiti hana na fundi aliyefanya kazi hiyo amehama mji. Nilikwenda na kijana mmoja wa gereji. Alifungua kava ya pembeni ya injini, akaangalia, akasema mkanda ni mweusi mzuri, hauna ufa, injini haina kelele, ninunue tu. Mimi niliona chini, upande wa mbele wa injini, alama iliyokauka ya kijani kilichofifia. Akasema hiyo ni kawaida kwa magari ya umri huo. Kaka yangu naye anasema najisumbua: RAV4 yake ya zamani mkanda ulikatika barabarani, gari likazima, akafunga mwingine, maisha yakaendelea. Nilikuwa nimepanga kuliendesha hadi Mbeya, nikifika ndiyo nibadilishe mkanda na pampu ya maji taratibu. Shemeji yangu anauza spea za mtumba, anasema vyote atanipatia kwa bei ya kutupa. Nitajuaje hali halisi ya mkanda na pampu kabla sijalipa?"

Marahaba, mwanangu. Unataka kununua gari ambalo historia ya mkanda wake ni maneno matupu, na watu watatu, kila mmoja kwa sababu zake, wamekwambia hakuna cha kuogopa. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa kuutazama, mkanda wa taimingi unaweza kuukataa, lakini huwezi kuupitisha. Ukiona ufa, mafuta au jino lililomeguka, mkanda huo umekwisha, hakuna mjadala. Usipoona kitu, bado hujajua lolote. Kwa hiyo uhesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, toa gharama ya kazi nzima kwenye bei ya gari, na gari lisitoke Dar kabla kazi hiyo haijafanyika. Pampu ya maji ni habari nyingine, maana pampu huacha ushahidi, na huenda ushahidi wenyewe umeshauona kwa macho yako.

Tuanze na kaka yako, kwa sababu hakukudanganya. RAV4 za miaka ya 1990 nyingi zina injini ya 3S-FE, na katika injini hiyo pistoni ikifika juu kabisa bado inabaki nafasi kati yake na vali iliyofunguka hadi mwisho. Mkanda ukikatika, vali zinasimama pale zilipo, pistoni zinapita bila kuzigusa, gari linazima. Unavutwa hadi gereji, unafungiwa mkanda mwingine, unaondoka. Forester unayoitaka ina injini ya EJ20, na ndani ya EJ20 ya miaka hiyo hakuna nafasi ya namna hiyo. Uzoefu wa kaka yako ni wa kweli kwa gari lake, ila hauhamishiki.

Ukielewa kinachotokea mle ndani, mengine yote nitakayosema utayaona mwenyewe. Pistoni zinazungusha krenki, yaani shafti kuu ya injini. Juu ya kila silinda kuna vali zinazofunguka kuingiza hewa na mafuta, na nyingine zinazofunguka kutoa moshi, na hizo zote zinasukumwa na kemshafti. Mkanda wa taimingi ndio unaounganisha krenki na kemshafti ili krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti izunguke mara moja, bila kuteleza hata jino moja. Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja: mchi mmoja ukishuka, mwingine uko juu, na wakikosea zamu michi inagongana. Vali na pistoni za EJ20 zinafanya kazi hiyo hiyo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu wa barabara kuu, kila vali inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde, na kila mara pistoni inakuja nyuma yake. Mkanda ukikatika au ukiruka meno kadhaa, krenki haisimami papo hapo, inaendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wa gari. Vali zilizobaki wazi zinapigwa na kupinda kabla hujajua gari limezima.

Subaru ina lake jingine. Pistoni zake zimelala, mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, kwa hiyo kuna silinda hedi mbili, na mkanda mmoja mrefu unazungukia pande zote mbili. Mkanda ukikatika, mara nyingi unafungua hedi zote mbili: vali, gasketi, kusawazisha hedi, na mara nyingi injini inashushwa chini kabisa ili kazi ifanyike sawasawa. Ndiyo maana mafundi wengi, wakishaona gharama hiyo, wanamshauri mteja anunue injini nzima ya mtumba. Nayo inakuja na mkanda wake ambao hakuna anayejua uliwekwa lini.

Sasa kijana wa gereji. Nina hakika alikuwa na nia njema, lakini alitumia kanuni ya mikanda ya zamani. Mikanda ya miongo iliyopita ilitengenezwa kwa mpira uliopasuka mgongoni ulipozeeka, na fundi aliyeukunja kwa vidole aliona mipasuko wazi. Mikanda ya magari ya miaka ya 2000 imetengenezwa kwa mpira bora zaidi unaovumilia joto, na mgongo wake unaweza kubaki laini na mweusi hadi siku ya mwisho. Nguvu ya mkanda haiko kwenye mpira. Iko kwenye nyuzi za fiberiglasi zilizofichwa ndani, na nyuzi hizo zinachoka kwa kukunjwa na kunyooshwa mamilioni ya mara, na kwa umri. Meno nayo yanachokea kwenye shina, pale yanapoungana na mgongo, sehemu ambayo ukiangalia kupitia tundu la kava ya pembeni huioni kabisa. Isitoshe, kava ile moja inakuonyesha kipande kifupi tu cha mkanda mrefu.

Hata hivyo kuangalia kuna faida yake, ukijua unatafuta nini. Rudi na fundi mwingine, tochi, na spana namba 10, maana kava za pembeni za EJ20 zimeshikwa na bolti chache za namba hiyo. Injini iwe imezimwa na ya baridi. Mwambie aizungushe taratibu kwa mkono, kwa spana kubwa kwenye bolti ya puli ya krenki, kuelekea upande injini inakozunguka, ili mkanda wote upite mbele ya tochi. Mtafute kingo zilizochanika nyuzi, mgongo unaong'aa kama umepigwa rangi ya vanishi, kitambaa cha juu ya meno kilicholika hadi mpira ukaonekana, unga mweusi uliokusanyika chini ya kava. Zaidi ya yote mtafute mafuta. Nyuma ya mkanda kuna oili sili za kemshafti, oili sili ya krenki na pampu ya oili, na yoyote kati ya hizo ikivuja, mafuta yanamwagikia mkanda na mpira unalainika. Mkanda uliolowa oili, hata kama ulifungwa mwezi uliopita, hauna maisha.

Mtafute pia dalili za kazi iliyofanyika kweli. Mkanda mpya huwa na maandishi ya mtengenezaji na mistari ya alama inayosomeka; ukikaa kazini miaka, maandishi yanafutika. Bolti za kava ziangalieni vichwa: kama zote bado zina vumbi na kutu ya pamoja na hakuna hata moja yenye mkwaruzo wa spana, basi hakuna aliyefungua hapo mwaka juzi, labda kijana wako wiki hii. Na mkiona mkanda mpya umepita kwenye puli kuukuu zenye kutu na pampu ya tangu kiwandani, mwenye gari hakudanganya, ila alifanyiwa nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua mkanda mpya. Nitarudi hapo.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa magari ya Japani wanalipita bila kulisoma. Gereji nyingi za Japani zikibadilisha mkanda hubandika stika ndani ya boneti au kwenye kava ya injini, imeandikwa kwa Kijapani, ina tarehe na kilomita. Tarehe hiyo mara nyingi haitumii mwaka tunaoujua sisi. Ukiona 25.6.12, si mwaka 2025. Wajapani huhesabu miaka ya enzi ya mfalme wao: enzi ya Heisei unaongeza 1988, kwa hiyo 25 ni 2013, na tarehe hiyo ni Juni 12, 2013. Enzi ya sasa, Reiwa, ilianza 2019 na hiyo unaongeza 2018. Piga picha kila stika, mtu yeyote mwenye simu ya kutafsiri picha atakusomea. Kilomita zilizoandikwa pale zilinganishe na dashibodi. Stika ikisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 150,000 na dashibodi inasoma 138,000, huhitaji tena kuuliza habari za mkanda, uliza habari za mwenye gari. Dai pia karatasi ya mnada wa Japani kama bado ipo, kwa kuwa inaonyesha kilomita zilizokuwapo siku gari lilipouzwa huko.

Tuseme basi kilomita ni za kweli. Bado umri unabaki. Japani mkanda wa injini hizi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Vitabu vya Subaru vya soko la Marekani kwa injini za familia hiyo vilitaja maili 105,000 au miezi 105, lolote litakalotangulia. Miezi 105 haifiki miaka tisa. Gari la 2005 likifuata kitabu hicho lilipaswa kubadilishwa mkanda karibu na 2014, kisha tena karibu na 2023, hata kama lilikuwa limeegeshwa tu. Kwa joto la Dar, foleni zinazofanya injini inguruke masaa gari likiwa limesimama, na vumbi la barabara zetu, mimi nawaambia wateja wangu miaka saba au kilomita 100,000, na sioni sababu ya kulegeza.

Kelele nazo zisikuchanganye. Mkanda wa taimingi ni mpira unaokimbia juu ya chuma. Unaweza kufa bila kutoa sauti yoyote. Ule mlio wa "wiiii" wa asubuhi unaousikia kwenye magari mengi ni mikanda ya nje, ya alteneta, stelingi na eesii, ambayo ukiikosa hutapata hasara kubwa. Kinachopiga kelele ndani ya kava za taimingi ni jirani wa mkanda: beringi za puli, tenshena ya mafuta (kifaa kinachokaza mkanda) iliyoishiwa nguvu, au beringi ya pampu ya maji. Fundi mzuri atazitenganisha hivi: atatoa mikanda ya nje, atawasha injini kwa muda usiozidi dakika moja, na atasikiliza. Kelele ikiisha, tatizo lilikuwa nje. Ikibaki, iko nyuma ya kava. Mlio wa kugonga-gonga unaosikika injini ikiwa baridi, kisha ukapotea baada ya sekunde chache, mara nyingi ni tenshena.

Sasa pampu ya maji, na alama yako ya kijani.

Kwenye Toyota nyingi zinazotembea mitaani kwetu, IST kwa mfano, taimingi ni ya mnyororo, na pampu inazungushwa na mkanda wa nje. Pampu ikifa, injini inapata moto, yaani inachemka. Ukisimama mapema umepona. Kwenye EJ20, pampu inazungushwa na mgongo wa mkanda wa taimingi wenyewe. Maana yake ni kwamba beringi ya pampu ikiganda, mkanda unasugua hapo hadi unakatika au unaruka meno, na yote niliyoyaeleza kuhusu vali yanafuata. Pampu inaweza kuua injini bila gari kuwahi kuonyesha joto kwenye dashibodi. Hii ndiyo sababu nasema mkanda mpya juu ya pampu kuukuu ni nusu ya kazi, na ndiyo sababu fundi akifungua kwa ajili ya kimoja, hubadilisha vyote: ufundi wa kufika pale ni ule ule, unaulipia mara moja.

Ndani ya pampu kuna shafti inayopita kwenye sili. Upande mmoja wa sili kuna maji ya injini, upande wa pili kuna beringi. Watengenezaji wanajua sili hiyo siku moja itavuja, kwa hiyo wameacha kitundu kidogo kwenye mwili wa pampu, maji yanayopita sili yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi na kuosha grisi yake. Kuvuja kupitia kitundu hicho ni pampu inayokuaga. Kwanza ni jasho tu linalokauka na kuacha ukoko wa rangi ya kulanti (maji ya rangi ya kupoza injini), kijani, waridi au bluu, au ukoko mweupe kama gari limekuwa likiwekewa maji matupu. Halafu matone. Halafu beringi inaanza kucheza. Pampu ya Subaru hii iko mbele ya injini, nyuma ya kava za taimingi, kwa hiyo maji yake huteremka ndani ya kava na kutokea chini mbele, pale pale ulipoona.

Sisemi ni pampu kwa hakika. Inaweza kuwa mpira wa rejeta uliolegea, rejeta yenyewe, au mtu alimwaga alipokuwa akiongeza kulanti. Kuna njia ya kujua, na haina gharama kubwa. Waombeni muda wa asubuhi kabla gari halijawashwa siku hiyo, maana sili iliyochoka hupenda kuvuja ikiwa baridi. Usiku wake kama wanakubali, kipande cha boksi kiwekwe chini ya injini. Asubuhi fundi aunganishe pampu ya kupimia kwenye rejeta, ajaze shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wake, aache kwa dakika 15. Mshale ukishuka, kuna pavujapo, na kwa tochi na kioo kidogo patafutwe kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji yanateremka na chanzo kiko juu ya alama ya mwisho. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto, hilo nalisema kwa sababu bado naona watu wanaungua uso.

Chovyeni pia kidole kwenye maji ya rejeta yakiwa baridi. Kulanti nzuri ina rangi safi na utelezi kidogo. Maji ya kahawia yenye kutu yanamaanisha gari limeishi kwa maji ya bomba au ya kisima, na kwa Dar visima vingi vina chumvi. Maji ya hivyo hayailindi sili ya pampu wala hayazuii kutu. Yanakula mapanga ya pampu, yanajaza rejeta uchafu, na yanashambulia gasketi za silinda hedi ambazo kwa Subaru za umri huu tayari ni mahali pa kuangaliwa. Injini ikipata joto la kawaida, tazameni chupa ya akiba: vipovu vinavyotoka mfululizo ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji. Gereji zenye vifaa zina dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini kwenye rejeta. Ikigeuka, achana na gari hilo. Mkanda na pampu ni gharama inayokadirika, lakini injini iliyokwisha kupata moto mkali huwezi kuikadiria.

Je, ununue? Kama vipovu havipo, oili si nyeupe kama maziwa, na mwili wa gari na giaboksi viko sawa, mimi ningenunua, kwa masharti. Nenda Gerezani, Kariakoo, uliza bei ya seti kamili katika maduka mawili matatu: mkanda, tenshena, puli zote, pampu na gasketi yake, thamostati, oili sili za mbele, na kulanti ya kutosha. Thamostati ya injini hii imekaa chini ya pampu, kwa hiyo ni kosa kuiacha. Ongeza ufundi. Jumla hiyo ipeleke kwa mwenye gari bila ugomvi: "Risiti hakuna, mimi lazima nibadilishe, tupunguze." Muuzaji wa kweli ataelewa. Akisema yeye mwenyewe atabadilisha kabla ya kukukabidhi, shukuru na ukatae, au ukubali kwa sharti kwamba spea unanunua wewe, upo wakati zinafungwa, na za zamani unapewa mkononi. Anayeuza gari hana sababu ya kununua pampu nzuri.

Akikataa kupunguza na akakataa gari lifunguliwe na fundi wako, Forester ziko nyingi.

Spea za shemeji nazisema kwa heshima, maana najua ni ndugu. Mlango wa mtumba, taa, bampa, hata alteneta, nunua kwake. Mkanda, tenshena, puli na pampu, hapana. Hivyo vinne thamani yake yote ni umri uliobaki ndani yake, na cha mtumba umri wake haujulikani, yaani unalipa ufundi kamili ili urudi ulipokuwa. Dukani nako kuwe na tahadhari. Pampu feki inafanana na nzuri kwa nje. Izungushe kwa mkono, usikie kama inakwaruza au ina uhuru wa kuyumba, na tazama mapanga yake kwa ndani, yawe yamekaa imara kwenye shafti. Seti za kampuni kama Aisin, ambayo ni ya Japani, huja na vitu vyote kwenye boksi moja, na kwa kazi hii napendelea seti kuliko kuokoteza kimoja kimoja. Nunua duka linaloandika risiti yenye namba ya spea.

Safari ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, ina Kitonga katikati, na kupanda mlima ule kwa gia ndogo injini inanguruma juu kwa dakika nyingi, ikitegemea mkanda ambao hatujui ni wa lini na pampu ambayo pengine imeshaanza kutoa jasho. Fanya kazi Dar. Kisha endesha siku mbili tatu mjini ukiangalia joto na kiwango cha maji kabla ya kushika barabara. Ukishindwa kabisa kufanya Dar, panda gari lingine na hilo lipakizwe kwenye roli.

Fundi wa kazi hii mchague kwa swali moja: "Kwenye puli ya meno ya krenki ya EJ20 unafuata alama gani?" Puli ile ina mshale unaoonekana vizuri sana, na mshale huo ndio mtego. Alama sahihi ni mkato mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa meno ya sensa. Aliyewahi kufunga mkanda wa Subaru atatabasamu kabla hajajibu. Asiyejua atakuambia mshale, na mwache aendelee na gari la mwingine. Kwa Forester zenye kemshafti nne, mwambie pia akutajie anavyozidhibiti za upande wa kushoto mkanda ukitoka, kwa sababu springi za vali huzirusha zenyewe, na vali zinaweza kugongana hata injini ikiwa imezimwa.

Akimaliza kufunga, aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki na kuona hakuna kinachokwama, ndipo aguse stata. Halafu atoe hewa kwenye mfumo wa maji. Rejeta za Subaru nyingi zina kizibo kidogo cha plastiki juu pembeni kwa kazi hiyo. Kinafunguliwa wakati wa kujaza, hita ikiwa imewekwa kwenye moto wa mwisho. Gari linalopata moto siku ya pili baada ya kubadilishwa pampu mara nyingi lina hewa iliyofungiwa ndani, na mwenye gari anaishia kulaumu pampu.

Na kama utakuwa umeshalichukua, likazima ghafla ukiwa barabarani, kisha ukipiga stata ikazunguka kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, usipige tena. Mkanda umekatika, na kila ukijaribu unaongeza vali zinazopinda. Weka pembetatu, piga simu ya gari la kuvuta, na mwambie fundi aangalie mkanda kabla ya kitu kingine chochote.